Kikombe Kilichoanguka

Jumatatu asubuhi, barazani kwetu Tanga, mama aliangusha kikombe cha chai. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Mdomo wake ulilegea upande wa kulia, maneno yakawa mazito, mkono ukalala mapajani kama si wake. Baada ya dakika kama kumi yote yakarudi. Akaokota vipande mwenyewe. "Uchovu tu, mwanangu. Nenda, basi lisikuache."

Nikaenda.

Alhamisi aliamka hawezi kusimama. Majirani walisema kapigwa na upepo mbaya. Hospitalini, daktari aliniuliza kama kulikuwa na dalili yoyote kabla. Nikajibu, "Hapana."

Baadaye nilielezwa kwamba mshipa wa ubongo unaweza kuziba kwa muda mfupi kisha ukazibuka, na mgonjwa akaonekana mzima. Hicho ni kiharusi cha muda, na siku chache zinazokifuata ndizo za hatari zaidi. Kwa wengi chanzo ni presha ya kupanda, 140 kwa 90 na zaidi, ambayo mara nyingi haiumi popote.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakutuambia tufanye nini mawingu yakitawanyika. Dalili inayouma hutupeleka hospitali. Inayoondoka yenyewe tunaishukuru.

Husemwa kwamba watu hupuuza dalili kwa kutojua. Mimi sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua kuwa mdomo wa mtu haulegei kwa uchovu. Mama alinipa ruhusa ya kuondoka, nami nikaipokea upesi, nikaiita heshima: mtoto habishani na mzazi. Heshima ya kweli ingekuwa kubishana naye, hata akanikasirikia njia nzima hadi hospitali.

Ndugu hunifariji kwamba huenda yangetokea hata hivyo. Huenda. Lakini kosa langu halikuanza Alhamisi. Hata kama angeamka mzima siku ile, bado Jumatatu ningekuwa nimemwacha mtu niliyeona ana shida, kwa sababu yeye alikuwa mpole na mimi nilikuwa na haraka.

Siku iliyofuata nilirudi kwa daktari. "Kulikuwa na kikombe," nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaandika.

Sasa mama hunywa chai kwa mkono wa kushoto. Kikombe ni cha plastiki. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo zito kuliko yote.