Chumba na Kipimo Chake

Hapana siku ipitayo bila ya mwanadamu kupima kitu. Mvuvi hupima samaki, mshoni hupima kitambaa, na mwalimu hupima maarifa ya wanafunzi wake kwa mtihani. Walakini kila apimaye naye hupimwa, kwa kuwa namna mtu anavyotumia mizani yake hutuonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano ambao huenda ukaonekana mdogo, nao ni mfano wa chumba cha hoteli.

Kisiwa cha Chale kipo katika pwani ya kusini ya Kenya, mbele ya Diani kwa mtu aendaye upande wa Gazi. Maji yakipwa, mtu huweza kuvuka kwa miguu. Maji yakijaa, hapana njia ila chombo. Kisiwani pana msitu wa kaya ambao Wadigo wameutukuza tangu zamani, na tena pana hoteli ya watalii. Siku moja nilisimama ufukoni upande wa bara, nikikikabili kisiwa hicho, pamoja na wanafunzi wa chuo cha ualimu ninachofundisha. Tulikuwa tumekwenda kutazama mikoko. Mmoja wao aliitazama hoteli ng'ambo ya maji, kisha akaniuliza:

“Mwalimu, mgeni amelipia chumba cha nyuma. Akasema uongo mdogo, akapewa chumba kinachotazama bahari. Chumba hicho kilikuwa kitupu, wala hapana mtu aliyekitaka. Je, amemdhulumu nani?”

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Swali lile nilikuwa nimekwisha kulijibu miaka ya nyuma, si kwa maneno bali kwa kitendo, na jibu langu lilikuwa baya.

Kabla ya kueleza kosa langu, yafaa tuulize kwanza chumba bora ni kipi. Nchi za Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli katika daraja, tangu nyota moja hata nyota tano. Vigezo hivyo vina manufaa, maana mgeni atokaye mbali hawezi kuijua nyumba asiyopata kuiona. Lakini nyota hupewa nyumba nzima. Hazigawanywi chumba kwa chumba. Katika hoteli mpya vyumba hufanana kama matofali ya tanuri moja. Katika hoteli ya zamani kila chumba kina tabia yake. Kilicho karibu na jiko husikia vishindo vya masufuria tangu alfajiri. Kilicho juu hupata upepo, lakini ngazi zake huadhibu magoti ya wazee. Kinachotazama bahari hufurahisha macho, na chumvi ya bahari hiyo hiyo hula bawaba za madirisha yake. Kwa hiyo, mtu akiuliza chumba kipi ni bora, swali lake halijatimia mpaka aongeze: bora kwa nani, na kwa kazi gani?

Tazama hoteli ya Treetops, iliyojengwa na Eric Sherbrooke Walker juu ya mti mwaka 1932, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri. Ilikuwa nyumba ya mbao, na vyumba vyake vilikuwa vidogo mno. Hata hivyo, Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, alikuwa mgeni humo usiku wa tarehe 5 Februari mwaka 1952, na usiku ule ule baba yake alifariki, naye akawa Malkia. Nyumba ile iliteketezwa kwa moto mwaka 1954, kisha ikajengwa nyingine. Wageni hawakwenda huko kutafuta chumba kipana. Walikwenda kuwaona ndovu na vifaru wakija majini usiku. Chumba chembamba kilichowaonyesha ziwa kilikuwa bora kwao kuliko ukumbi wa kifalme usioonyesha kitu. Basi ubora ni kulingana kwa kitu na haja yake.

Sasa nakiri kosa langu. Nilipokuwa kijana katika kazi nilipelekwa kwenye mkutano wa walimu katika mji mmoja wa kale wa mwambao. Tulilazwa katika nyumba kongwe ya mawe iliyogeuzwa hoteli. Nilipewa chumba cha chini, kirefu na chembamba. Kilikuwa na kitanda, chandarua, meza na maji ya kunawa. Nilikiona kizuri, nikashukuru. Jioni nikapanda juu kumwamkia mwenzangu, nikaona chumba chake: kipana, chenye roshani, na upepo wa bahari ukiingia. Niliposhuka, chumba changu kilikuwa kile kile. Hakikupungua hata shibiri moja. Kilichopungua ni moyo wangu. Tangu saa ile sikukipima chumba kwa haja yangu, nilikipima kwa chumba cha jirani.

Nilikwenda kwa karani wa mapokezi nikamwomba chumba cha juu. Akaniambia kwa adabu kwamba vyumba vya juu vina bei yake. Hapo nikatunga hila. Nikasema kwamba chumba changu ni kichafu na shuka hazikubadilishwa. Halikuwa neno la kweli. Karani aliona haya, akaniomba radhi, akanipa ufunguo wa chumba cha juu bila ya nyongeza ya bei. Usiku ule nililala penye upepo, nikajiona mtu mwerevu.

Asubuhi nilimkuta mama mmoja amekaa barazani, umri wake kama wa mama yangu mzazi. Alikuwa mtumishi wa vyumba vya chini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa sauti ndogo: “Mwanangu, shuka zile nilizifua mwenyewe. Uliona doa gani?” Alikuwa amekatwa ujira wa siku nzima kwa ajili ya malalamiko yangu. Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa karani nikamweleza kweli yote. Akanitazama kwa kitambo, akasema kwamba atamwambia mkubwa wake. Mchana wa siku ile mkutano ulikwisha nikaondoka, wala sikupata kujua kama yule mama alirudishiwa haki yake. Ujira ule haukuwa mwingi, lakini mpaka leo sijui nimlipe nani.

Miaka ikapita. Fundi mmoja wa nyumba za kale akanieleza jambo lililoniongezea aibu. Dari za nyumba zile hubebwa na boriti, na boriti hukatwa katika mikoko. Kwa kuwa urefu wa boriti aghalabu hauzidi kiasi cha mita 3, vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili vilijengwa virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Kuta nene za mawe na chokaa ziliwekwa ili kuzuia joto. Basi chumba nilichokidharau hakikuwa chembamba kwa unyonge wala kwa ubahili wa mjenzi. Kilikuwa chembamba kwa sababu mkoko ndio uliokipima kabla yangu. Nilikuwa nimefanya makosa mawili: nilisema uongo juu ya kitu, na tena nilikihukumu kitu bila ya kukijua asili yake. Ndiyo sababu nilipowachukua wanafunzi wangu kwenye mikoko inayokabili Chale, niliwaambia waiguse miti ile kwa mikono yao.

Turejee katika swali la mwanafunzi. Chumba kilikuwa kitupu. Mgeni amemdhulumu nani? Hoja hii ina nguvu kwa nje, na mtu asiidharau. Ni kweli kwamba chumba kitupu hakimfaidii mtu. Ni kweli pia kwamba si kosa kuomba chumba kilicho bora. Aliyelipia maji ya moto akakosa maji ya moto, ana haki ya kudai. Mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi, ana haki ya kueleza udhaifu wake. Hata mtu mzima wa afya aweza kusema wazi, “Kama pana nafasi, ningependa chumba kinachotazama bahari,” na mwenye nyumba akampa kwa hisani. Kilichodaiwa kwa haki ni haki, na kilichotolewa kwa hisani ni hisani. Lakini kilichochukuliwa kwa hila si haki wala hisani, ijapokuwa ufunguo wake ni ule ule na kitanda chake ni kile kile.

Dhuluma yake i wapi? I katika ushahidi. Mtu asemapo, “Chumba hiki ni kibaya,” hasemi habari ya kuta tupu. Anatoa ushahidi juu ya watu: aliyefagia, aliyefua, aliyetandika, aliyetengeneza mfereji. Watu hao hawapo mbele ya karani kujitetea. Mgeni husema neno moja akapanda ngazi. Neno lake hubaki chini likifanya kazi. Mahakamani hatumruhusu shahidi kusema uongo kwa sababu anayeshitakiwa ni mtu mdogo. Kwa nini tumruhusu katika mapokezi ya hoteli?

Tena ipo dhuluma nyingine, ambayo mwenye hila hujifanyia mwenyewe. Aliyepandishwa daraja bila ya haki hupoteza uwezo wa kutosheka. Chumba cha kawaida, kilichompa usingizi mwema mwaka jana, mwaka huu humwonekea kama tusi. Hufika kila mahali akitafuta kasoro, kwa maana kasoro zimekuwa fedha yake ya kununulia. Mtu wa namna hii huweza kulala katika vyumba mia vizuri asifurahie hata kimoja.

Historia nayo inatufundisha. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, ikawa makutano ya walowezi na wawindaji wa Kizungu. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika aliingia katika nyumba kama zile ili kubeba mizigo, kupika na kutandika vitanda. Hakuingia ili kulala. Yeye aliyejua kila chumba, godoro lipi limebonyea na dirisha lipi linavuja mvua, hakuulizwa hukumu yake kamwe. Leo milango imefunguliwa, na kijana asomaye maneno haya aweza kesho kuwa mgeni mahali babu yake alipokuwa mchukuzi. Itakuwa hasara kubwa ikiwa tumeurithi ufunguo wa chumba pamoja na dharau ya wale waliotutangulia kulala humo. Ukitaka kukijua chumba, muulize kwa heshima yule anayekitandika.

Si mbali na Chale ipo Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hawezi kuingia humo kama apendavyo. Hupewa kaniki nyeusi ajifunge, kisha hufuata mwenyeji wake. Tajiri hufungwa kaniki, na maskini hufungwa kaniki iyo hiyo. Hapana kivuli cha daraja la kwanza na kivuli cha daraja la pili. Simaanishi kwamba hoteli nazo zifanane na kaya. Mwenye kulipa zaidi na apate zaidi, hiyo ni biashara halali. Namaanisha kwamba mtu aingiapo katika nyumba ya watu, iwe msitu au hoteli, huingia akiwa mgeni, na kwa mgeni adabu hutangulia kipimo.

Siku ile ufukoni nilimjibu mwanafunzi wangu kwa kumsimulia habari ya yule mama na shuka zake. Alinyamaza. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na njia ya kuvukia Chale ikawa inafunikwa kidogo kidogo. Akaniuliza swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: “Je, Mwalimu, kama mama yule hangekuwapo barazani asubuhi ile, ungalijua kwamba umekosa?”

Nilimwambia kweli, kwamba nisingalijua. Nawe, msomaji, ujuapo kwamba wengi tunaowaumiza kwa neno jepesi hawatakuwapo barazani kutuuliza, pima kabla ya kusema.