Tenda Wema Wende Zako: Juu ya Upendo Usiodai

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya kupenda. Washairi wa pwani wametuachia huba, mahaba, nyonda, pendo na mapenzi, na kila neno lina ladha na daraja yake. Hata hivyo, kitenzi kupenda kina maana nyingine ambayo mara nyingi hutupita bila ya kuizingatia. Twamwambia mgeni, "Ukipenda, lala hapa leo," wala hatumuulizi habari za moyo wake. Twasema mtu na afanye apendavyo. Nao Wakristo wanapotaja mapenzi ya Mungu katika sala zao, hawasemi juu ya hisia, bali juu ya matakwa na makusudio yake. Kumbe Kiswahili chajua tangu zamani kwamba kupenda ni kutaka, na kwamba upendo una makao katika nia.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa Mkristo, kwa sababu yeye ameamriwa kupenda. Ameamriwa kumpenda jirani, na zaidi ya hapo ameamriwa kumpenda adui. Lau upendo ungekuwa hisia tu, amri hiyo ingekuwa dhihaka, maana hakuna awezaye kuulazimisha moyo wake uone raha mbele ya mtu aliyemdhulumu. Lakini nia huamrishika. Mtu aweza asimfurahie mwenziwe, na papo hapo akamtakia heri, akamtendea haki na akaacha kumlipiza kisasi. Upendo wa namna hii ndio ambao Wayunani wa Agano Jipya waliuita agape, na ambao wafasiri wetu waliuitia neno upendo.

Tukishakubali hayo, latukabili swali gumu zaidi. Ni nani amtakiaye mwenziwe heri bila ya kujitakia kitu yeye mwenyewe? Anayetoa hupata sifa. Asiyetaka sifa hufurahia shukrani. Asiyetaka shukrani hungojea thawabu. Je, upo upendo usiokuwa na biashara ndani yake, au tunachokiita upendo ni nipe nikupe iliyovikwa kanzu nyeupe?

Wahenga walisema: tenda wema wende zako. Wengi wetu huichukua methali hii kama nasaha ya kujikinga na uchungu. Binadamu hana shukrani, kwa hiyo usizingoje, usije ukaumia. Maana hiyo ni sahihi, lakini nadhani methali imebeba zaidi ya hayo. Kwenda zako ni sehemu ya wema wenyewe. Mtoaji anayebaki amesimama mbele ya aliyempa, akimtazama usoni, humfanya asiweze kusimama wima. Kila akutanapo naye humkumbusha deni, hata asipotamka neno. Wema wake umegeuka kamba, na aliyepewa ameingia katika utumwa usio na minyororo.

Kisa mashuhuri cha Msamaria mwema, alichokisimulia Yesu, chakubaliana na methali hii kwa namna ya ajabu. Mtu alishambuliwa na wanyang'anyi katika njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani alipita kando, na Mlawi vile vile. Aliyesimama ni Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa na Wayahudi. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, na siku ya pili akamwachia mwenye nyumba dinari mbili. Hakuuliza jina la majeruhi wala kabila lake. Aliahidi kurudi, lakini ahadi hiyo alimpa mwenye nyumba, kwani alikusudia kurudi ili alipe gharama itakayozidi. Kisa kinaishia hapo. Hatuelezwi kama majeruhi alishukuru, wala kama alipata kumjua aliyemwokoa. Msimulizi hakuona haja ya kutueleza, na kunyamaza kwake huko ni fundisho.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kwenda Yeriko kulitazama jambo hili, kwani historia imelileta hadi Mkunazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo mahali pale pale. Husimuliwa kwamba sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kibaniani, na kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sayyid Barghash mwenyewe. Hatuna mizani ya kuzipimia nia za waliotoa. Lakini kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi mmoja alitoa ardhi kwa ibada isiyokuwa yake, na mwingine akatoa saa ya kuwaonyesha wakati wapitao wote, bila ya kuwauliza dini zao.

Wamisionari nao walikuwa na wema wao, na wema huo ulikuwa na mtihani wake. Watu walionusuriwa kutoka majahazi ya watumwa walikabidhiwa misheni, wakapewa makao Mbweni katika miaka ya 1870. Walipata nyumba, ardhi ya kulima, shule na majina mapya ya ubatizo. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kufundisha wasichana wa Mbweni, akaishi kisiwani hadi kufa kwake mwaka 1926. Karibu nusu karne ya maisha ya mtu si kitu cha kubezwa. Hata hivyo, waliokombolewa walijikuta chini ya kanuni za wakombozi wao. Saa za kazi, mavazi, hata ndoa, vyote vilikuwa chini ya macho ya wakubwa wa misheni. Katika makao ya misheni nyingine huko Freretown, Mombasa, mwaka 1881 zilizuka tuhuma kwamba watu walioitwa huru walikuwa wakichapwa viboko, na zikafanyiwa uchunguzi. Hapo ndipo tunapoona jinsi mkono uliofungua pingu unavyoweza kushika fimbo, na mwenye mkono huo akaendelea kujiona anapenda.

Lakini historia hiyo hiyo ina ukurasa mwingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la waliokombolewa kutoka Unguja kuelekea kusini, kwa nia ya kuwarudisha karibu na nchi walikotekwa, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wakakaa huko. Tendo hili nalithamini kuliko jengo zima la Mkunazini, ambamo Steere amezikwa nyuma ya altare tangu mwaka 1882. Kwa misheni ingekuwa faida kuwaweka watu wale Mbweni, wawe ushahidi wa kuonekana na mikono ya kazi. Mpaji huenda zake, na wakati mwingine wema humtaka amwache aliyempa aende zake.

Tena yuko Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni na kusomeshwa na misheni Kiungani. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Wema aliotendewa Unguja aliupeleka kwa watu wa Chitangali, ambao hawakuwa na habari na waliomkomboa. Wema ukiachwa huru hushika njia yake wenyewe, wala haulazimiki kurudi kwa aliyeuanzisha. Hata hivyo, ilipita zaidi ya nusu karne baada ya Majaliwa kuwekwa padri kabla ya Mwafrika kuwekwa askofu katika dayosisi zilizotokana na misheni hiyo. Upendo unaokubali kumlisha mtu, kumvisha na kumsomesha, lakini ukasita kumkabidhi funguo, bado umebakisha kitu mkononi. Ni rahisi kumpenda aliye chini yetu. Mtihani huja pale anapotaka kusimama sawa na sisi.

Sasa nirejee kwenye swali la thawabu. Wapo wasemao kwamba mwenye kutenda wema kwa kutumaini pepo ni mfanyabiashara tu, tofauti yake ni kwamba malipo yake yameahirishwa. Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili, yaani faida inayofuatana na tendo na faida inayolinunua tendo. Mama akesha na mtoto mwenye homa, na kulipokucha mtoto akacheka, mama hufurahi. Je, alikesha ili anunue furaha ile? Hapana, maana hata lau angejua kwamba asubuhi haitakuwa na kicheko, angekesha. Hicho ndicho kipimo. Upendo hautiwi doa kwa kuwa umeleta furaha. Hutiwa doa pale ambapo, furaha ikikosekana, nao hukoma. Basi asemaye anapenda bila ya kudai na ajichunguze siku ile aliposahauliwa na aliyemsaidia. Je, mkono wake ulikunjika?

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa wasomaji wa kurasa hizi, wanalo neno lililokomaa kwa jambo hili, nalo ni ikhlasi. Kinyume chake ni riya, ibada na sadaka inayotendwa ili watu waone. Yesu naye aliwafundisha wafuasi wake watoe kwa siri, siri ambayo hata mtoaji mwenyewe asiihesabu. Misikiti na makanisa yetu yametofautiana katika mengi, lakini ugonjwa huu tumeutambua kwa pamoja, na sote tunauugua.

Tutazame tu mambo ya siku hizi. Msaada wa magunia ya mchele haukabidhiwi mpaka mpiga picha awe tayari, na mjane hutakiwa kutabasamu akiwa ameshika gunia. Mchango wa harusi au wa kujenga kanisa husomwa kwa jina na kiasi, na maskini aliyetoa mia tano huinamisha kichwa. Baba humwambia mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima, "Mimi ndiye niliyekulipia karo," kila wanapohitilafiana. Haya si madhambi ya watu wabaya. Ni madhambi ya watu wanaotoa, na kwa hiyo hayatambuliki upesi. Mchoyo hujulikana na jirani zake wote, ila mdai aliyejificha ndani ya mkarimu aweza kufikia uzee bila ya kujulikana, hata na nafsi yake.

Hapana budi niseme pia kwamba kwenda zako si kutupa. Msamaria hakumwacha majeruhi njiani. Alihakikisha kwanza kwamba analo paa, mlezi na gharama za kutosha, ndipo akashika safari. Wala upendo usiodai haumtaki mtu anyamaze mbele ya dhuluma. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilipowataka maofisa wake wahimize Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, baadhi ya viongozi wa makanisa waliafiki kwa masharti. Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar, mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kuipinga kazi ya lazima, ingawa kwa kufanya hivyo alipingana na serikali ya nchi yake mwenyewe. Waliokuwa wakilazimishwa hawakuwa waumini wa dayosisi yake. Aliwatakia heri na haki, na hapo palikuwa pamemtosha.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kama upendo ni kutaka, basi twaweza kuupima kwa kuuliza unachokitaka. Ukitaka mwenzio apone, utafurahi akitembea hata kama anatembea kwenda mbali nawe. Ukitaka akukumbuke, utaumia akipona. Mkristo hudai kwamba Mungu alimpenda kwanza, kabla hajastahili, na akamwachia hiari ya kukubali au kukataa. Mwenye kuamini hivyo hana la kumdai binadamu mwenziwe. Amekwisha kupokea bure, na linalomkabili sasa ni kuutoa wema huo kama alivyopewa, kisha ashike njia yake, bila ya kugeuka nyuma kutazama kama anatazamwa.