Je, Mbaya wa Hadithi Aweza Kubadilika?

Filamu ya katuni ya Cinderella ya mwaka 1950 ilituachia dada wawili wa kambo wenye roho mbaya. Mwaka 2002 ikatoka filamu ya pili. Humo dada mmoja, Anastasia, anampenda mwoka mikate, na Cinderella aliyeteswa naye ndiye anayemsaidia. Watazamaji wengi waliikosoa, wakisema haifikii ile ya kwanza. Wako hata hivyo walioipenda sehemu hii, nasi twakubaliana nao. Kukosoa michoro ni haki. Lakini kama twachukizwa kwa kuwa mbaya amepata furaha, hatuna budi kujiuliza: jirani aliyetukosea zamani, je, twamruhusu abadilike? Au twataka abaki vile vile, ili sisi tuonekane wema?