Jina la Mtoto na Huzuni ya Mzazi

Siku moja nilikuwa nikiandika majina ya watoto wapya shuleni. Zamu ya binti mmoja ilipofika, akasema kwa sauti ndogo, "Shida." Wenzake wakacheka, na mimi, naona haya kusema, nikatabasamu. Baadaye mama yake akanieleza ya kuwa mtoto yule alizaliwa miezi miwili baada ya kufa baba yake. Tangu siku hiyo nimejiuliza: Je, ni haki mzazi kumvika mtoto huzuni yake mwenyewe iwe jina?

Tukichunguza maana za majina ya wanawake katika Maandiko, kwanza twakuta mengi ya kupendeza. Hawa ni jina la uhai. Sara ni binti mfalme, Hana ni neema, Raheli ni kondoo jike, na Debora ni nyuki. Tabitha, aitwaye Dorkasi kwa Kiyunani, maana yake paa. Esta naye alikuwa na jina jingine, Hadasa, yaani mhadasi, mti wenye majani ya kunukia. Wazazi wa kale walitazama yaliyo karibu nao, kama wazee wetu walivyomwita Chausiku binti aliyezaliwa usiku.

Lakini jina jema si hirizi. Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, hata hivyo njaa iliingia humo, ikamfukuza Naomi pamoja na mumewe Elimeleki na wana wao wawili mpaka nchi ya Moabu. Jina la Naomi lina maana ya kupendeza na utamu, na huko Moabu utamu huo ukamwisha. Mume akafa, kisha, walipokwisha kukaa kama miaka 10, wakafa na wana wote wawili. Aliporudi kwao, wanawake wa mji wakaulizana kama kweli ndiye yeye. Naye akawaambia wasimwite Naomi tena, bali wamwite Mara, yaani uchungu.

Sasa litazameni jambo ambalo wengi wetu hulipita tukisoma. Katika kitabu kile chote hakuna hata mtu mmoja amwitaye Mara. Mwandishi mwenyewe, aya mbili tu baadaye, amwita Naomi kama kwanza. Na mwisho, Ruthu alipojifungua, wanawake wa mji wakatangaza kwamba Naomi amepata mwana. Hawakumkemea kwa kulia kwake, wala hawakumwambia kwamba uchungu wake ni uongo. Walimwachia kilio chake, ila jina lake hawakumnyang'anya. Nao ndio waliomwita mtoto yule Obedi, yaani mtumishi, ambaye baadaye alikuwa babu yake mfalme Daudi.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, nabii Hosea aliagizwa kumwita binti yake Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa. Mtoto huyo hakuwa na kosa lo lote; jina lake lilikuwa onyo kwa ufalme wa Israeli. Fikirini jinsi alivyoitwa kwa jina hilo kisimani, mbele ya wenzake! Lakini kitabu hakijaenda mbali, mara neno la rehema linakuja, na ile Lo, ambayo kwa Kiebrania ni kukana, inaondolewa. Sasa dada ataitwa Ruhama, aliyehurumiwa. Basi, ikiwa jina lililotoka kwa Mungu kuwa hukumu halikuachwa liwe neno la mwisho, je, jina litokalo katika machozi yetu sisi liwe la milele?

Huenda mzee mmoja akanijibu: "Mwalimu, Shida, Taabu na Masumbuko si majina ya laana. Ni kumbukumbu. Na wengine walizika watoto watatu, wakampa wa nne jina baya ili mauti yasimtamani." Ni kweli, wala siwadharau wazee wetu, maana ndani ya desturi hiyo mna upendo mwingi. Lakini Hana naye alilia miaka mingi kwa kukosa mtoto, na alipopata mwana hakumwita kwa machozi yale. Alimwita Samweli, akikumbuka ombi lake kwa Mungu. Taabu ni ile ile, ila yeye aliikumbuka kwa kuitazama kutoka ng'ambo ya mto, si kutoka katikati ya maji. Mzazi wa kwetu aweza kufanya vivyo hivyo, akamwita mtoto Faraja au Tumaini, wala asisahau hata tone moja la aliyoyapita.

Na yule aliyekwisha kupewa jina la huzuni, tumfanyeje? Nilimwuliza binti yule kama angependa jina jingine. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, hili alinipa mama." Nikanyamaza, nikijua ya kuwa kulibadili si kazi yangu.

Kwa hiyo naona tuna wajibu wa namna mbili. Kabla jina halijatolewa, tulipime: je, ni la mtoto huyu, au ni la msiba wetu? Likiisha kutolewa, tumheshimu mwenye nalo, tumwite kama wanawake wa Bethlehemu walivyomwita Naomi, asisikie uchungu katika vinywa vyetu. Mtu hachagui jina aitwalo utotoni, bali jirani huchagua namna ya kumwita.

Siku hizi nisomapo majina asubuhi, Shida namwita kwa sauti ile ile nimwitayo Neema. Naye huitika kwa nguvu, na darasani hakuna acheke.