Taa ya Nyuma ni ya Nani?

Disemba iliyopita nilishukia Kamukuywa saa mbili usiku, nikapanda boda kuelekea upande wa Misikhu. Ile barabara ya kutoka Kitale hadi Webuye naijua tangu utotoni, na jamaa wa boda aliijua kunishinda, kwa hivyo alikuwa anaikata tu. Ghafla akakanyaga breki mpaka kichwa changu kikagonga mgongo wake. Mbele yetu, kama hatua nne hivi, kulikuwa na ukuta wa miwa. Trela ya tingatinga, imepakiwa hadi miwa inaning'inia nyuma, haina taa wala riflekta, inatambaa gizani polepole.

Dereva wake hakujua kama tulikuwapo. Alienda zake. Sisi tulisimama kando ya barabara, jamaa mikono ikimtetemeka, akasema tu, "Boss, leo haikuwa siku yetu."

Tangu usiku huo kuna swali halijaniacha: taa ya nyuma ni ya nani?

Taa ya mbele ni rahisi kuielewa. Naiwasha ili nione ninakoenda. Hata mtu mbinafsi kabisa ataiwasha. Lakini taa ya nyuma hainionyeshi chochote. Naibeba kwa ajili ya mtu nisiyemjua, anayekuja nyuma yangu, ambaye pengine sitawahi kuuona uso wake. Kwenye gari dogo bado nina sababu ya kujijali, kwa maana nikigongwa nyuma nitaumia pia. Dereva wa tingatinga yuko mbele kabisa, juu, na tani kadhaa za miwa ziko kati yake na anayemgonga. Boda ikiingia pale nyuma, yeye atahisi mtikiso mdogo, kama amepita shimo. Hapo ndipo utu wa mtu unapopimwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Plato alisimulia habari za mchungaji aitwaye Gyges, aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali lake lilikuwa: mtu asipoonekana, ataendelea kutenda haki? Huku kwetu hatuhitaji pete. Tunahitaji tu balbu iungue.

Utasema, si kuna sheria? Ipo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaitambua trela kama chombo cha barabarani. Trela ina nambari yake ya usajili, inayoanza na Z. NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012 kusimamia mambo haya. Na tunakumbuka, au wazazi wetu wanakumbuka, vile kanuni za Michuki zilivyobadilisha matatu mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Kumbe tabia ya barabarani inaweza kugeuzwa. Shida ni kwamba sheria ikiwa na maana ya karao peke yake, basi karao akienda kulala, sheria nayo inalala.

Nilimpelekea mjomba wangu swali hilo. Yeye ana tingatinga na trela moja huko Bungoma, anabebea wakulima miwa.

"Khocha, trela yako ina taa ya nyuma?"

Akacheka. "Ilikuwa nayo. Miwa iling'oa nyaya. Nikarudisha, ikang'oa tena. Wewe mtoto wa dada, unajua muwa ukishakatwa hausubiri? Kila siku unayolala shambani sukari inapungua. Nalipwa kwa tani. Nikisimama kutengeneza balbu, mwenzangu anapita."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu hapo kuna jambo sikuwa nimelisema: karo yangu ya sekondari ililipwa na trela hiyo. Miaka minne nilisoma kwa pesa za safari za usiku, na sikuwahi kuuliza kuhusu taa. Kwa hivyo siandiki haya nikiwa nimekaa juu ya mlima nikiwatazama wenye dhambi.

Hata hivyo, hoja yake ina tundu. Umaskini ni kweli, haraka ni kweli. Lakini gharama ya balbu haipotei usipoilipa. Inahamia kwa mwingine. Anayeilipa ni mwendesha boda, naye ni maskini vilevile, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali. Kupunguza hasara yangu ni haki yangu. Kuiweka kimyakimya mgongoni mwa mtu asiyejua si haki ya mtu yeyote.

Na lawama? Dereva anasema ni tajiri wake. Tajiri anasema ni aliyepakia. Aliyepakia anasema kiwanda kinataka miwa. Sisi wengine tunakoroga sukari kwenye chai na kunyamaza. Ikigawanywa hivyo inaonekana ndogo, kila mtu ana kipande chake. Lakini deni la watu kumi bado ni deni, na usiku ule lingelipwa na watu wawili kwenye boda. Nikiri pia kwamba sikuwa na helmeti wala jaketi la kung'aa. Mimi nami nilikuwa trela isiyo na taa.

Kabla sijarudi Nairobi tulitafuta ubao, tukaugongomelea riflekta nyekundu, tukaufunga kwa waya utundikwe nyuma baada ya miwa kupakiwa. Bei yake haikufika mafuta ya safari moja. Khocha aliutazama, akasema, "Sawa, yangu itaonekana. Na za wengine?"

Ni swali zuri kuliko langu. Yeye akisimama kufunga ubao na mwenzake asisimame, mwenzake atafika kiwandani kwanza. Uadilifu wa mtu mmoja humgharimu, huku mzembe akipata faida. Ndiyo maana nadhani sheria haiko kwa ajili ya kuwatisha wabaya tu. Iko ili mtu mwema asionekane mjinga kwa wema wake. Trela zote zikikaguliwa langoni kabla ya kupimwa uzito, dakika za khocha na dakika za mwenzake zitakuwa sawa.

Mpaka siku hiyo, ubao mmoja unaning'inia nyuma ya miwa. Mtu anayekuja nyuma hatajua aliyeufunga.