Kikombe cha Fedha na Thamani ya Heshima

Kiswahili kina neno moja kwa madini meupe yatiwayo nakshi na kwa mali itumiwayo sokoni: yote mawili huitwa fedha. Kikombe cha fedha apewacho shujaa hudaiwa kuwa ni heshima, na heshima husemwa kuwa haiuzwi wala hainunuliwi. Je, yawezekana kuipima heshima kwa kitu chenye bei?

Swali hili lahitaji mfano. Mwezi wa Julai 1803, vita vya Uingereza na Ufaransa vilipokuwa vimefufuka, wafanya biashara wa bima za meli waliokutana Lloyd's, mjini London, walianzisha mfuko wa kuwasaidia majeruhi, wajane na mayatima, na wa kuwatukuza mashujaa. Nahodha wa manowari aliyeshinda aliweza kutunukiwa upanga wa pauni 100 au, akipenda, chombo cha fedha cha thamani hiyo hiyo. Chombo hicho kilibuniwa na John Flaxman, kikafuliwa na Digby Scott na Benjamin Smith. Kilikuwa na mikono miwili na kifuniko. Upande mmoja alikaa Britannia, na upande wa pili Hercules alikuwa akiliua joka lenye vichwa vingi. Umbo lake lilifuata vyombo ambamo Wayunani wa kale walichanganya divai na maji, lakini kazi yake hasa ilikuwa kutazamwa.

Chanda chema huvikwa pete. Aliyesimama mbele ya mizinga alistahili shukrani, na jamii isiyoshukuru huua wema. Walakini mkono una vidole vingi. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, manowari Victory peke yake ilikuwa na watu wapatao 820, na risasi hazikuchagua cheo. Nahodha alitengewa tuzo ya pauni 100. Baharia aliyepoteza kiungo alipewa pauni 40. Ni kweli kwamba moja lilikuwa tuzo na la pili msaada, na kwamba wengi wasingalipata hata hicho. Hata hivyo, hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, zaonyesha ni ushujaa wa nani ulioandikwa katika fedha na ni wa nani ulioandikwa katika mwili.

Liko jambo zito zaidi. Miongoni mwa meli zilizowekewa bima na watu wa soko hilo zilikuwamo zilizowachukua Waafrika utumwani kuvuka Atlantiki, biashara ambayo sheria ya Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1807. Mwaka 2020 Lloyd's iliomba radhi kwa sehemu yake. Basi, je, dhambi ya mtoaji humpaka mpokeaji? Si lazima. Ujasiri wa nahodha ulikuwa wake kabla kikombe hakijafuliwa, wala hakuna awezaye kumpa au kumnyang'anya. Lakini kikombe si ujasiri. Kikombe ni kauli ya mtoaji juu ya kile anachokithamini. Na mtoaji aliyeuhesabu uhai wa watu kuwa shehena alikuwa na mizani mbovu, hata kama siku hiyo alipima sawasawa.

Mwaka 1809 mfuko uliacha kutoa panga na vyombo, ukaendelea kuwasaidia majeruhi na wafiwa. Kwa desturi husemwa kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huenda sifa hummharibu msifiwaji. Ila hapa yafaa kumwangalia pia msifuji, kwa maana yeye naye hujipamba kwa sifa azitoazo.

Wako watakaosema vikombe hivyo viyeyushwe. Kufanya hivyo ni kumfukuza shahidi kabla hajahojiwa. Na vibaki vilipo, lakini vielezwe kwa ukamilifu: aliyepewa, waliopigana naye, waliotoa, na walikopata mali. Madini hupimwa kwa mizani na mali kwa hesabu. Heshima haina kipimo ila ukweli, na ikiogopa ukweli huwa imebaki fedha tu.