Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Methali hii inahusu mipaka ya hukumu ya binadamu. Kitanda kilichotandikwa shuka safi humpendeza kila apitaye mlangoni, kumbe kunguni wamejificha katika nyufa za mbao na hutoka usiku taa zikishazimwa. Anayewajua ni anayelala hapo. Kadhalika, tendo la mtu huonekana na wote, ila dhiki iliyomsukuma kulitenda huijua yeye.

Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, inaidhihirisha maana hiyo. Upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haukuzungushiwa ua, hivyo simba huvuka hadi kwenye malisho na maboma ya Wamaasai. Juni 2012 simba 6 waliuawa huko baada ya kuvamia mifugo. Aliyezoea kumtazama simba akiwa ndani ya gari la watalii huona wepesi kusema kwamba wafugaji hao ni wakatili. Hajawahi kuamka alfajiri akakuta zizi limejaa mizoga. Ng'ombe na mbuzi ndio karo ya watoto, ndio chakula, ndio mahari. Na wakati huo sheria haikumlipa mfugaji fidia ya mnyama aliyeliwa. Fidia hiyo ililetwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Wanasaikolojia nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1977, Lee Ross wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kwamba watu hupenda kulihusisha tendo la mwenzao na tabia yake, wakapuuza hali iliyomzunguka. Wahenga walikuwa wameonya zamani.

Hata hivyo, methali haihalalishi kila kitendo. Simba kuuawa ni hasara, hata kwa wafugaji wenyewe. Inachofundisha ni kwamba dawa ya kunguni hupatikana kwa anayeumwa nao, na huko Kitengela ndivyo ilivyokuwa. Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyechunga ng'ombe wa babake kando ya mbuga, aliwachukia simba kwa kumlia mifugo. Aliwasha moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu, wakaizoea. Usiku mmoja, akizunguka na tochi, akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha balbu ndogo, betri ya gari, paneli ya sola na kifaa cha pikipiki kinachofanya taa ziwake na kuzimika, kana kwamba mtu anatembea na tochi. Simba wakaliacha zizi la babake, na chuki yake ikaisha bila yeyote kumhubiria. Mwaka 2013 alieleza ugunduzi huo katika mkutano wa TED nchini Marekani. Kufikia hapo alikuwa amewafungia taa hizo majirani kadhaa, na wafugaji wa sehemu nyingine za Kenya walikuwa wameanza kuzitumia.